Kuosha Ni Nusu ya Kazi: Kukausha na Kulinda Rangi ya Gari na Pikipiki Nyangwe

Mtu akitaka kuona jinsi gari linavyoumizwa na mwenyewe anayelipenda, asimame ukingoni mwa Lualaba, Nyangwe, saa sita ya mchana wakati wa kiangazi. Gari linateremshwa hadi karibu na maji, limejaa vumbi jekundu la njia ya Kasongo. Vijana wanalimwagia ndoo tatu nne, wanalisugua kwa sabuni ya unga na kitambaa kilichokuwa kimelala mchangani, wanalisuuza, na kwa muda mfupi linang'aa kama jipya. Mwenyewe anafurahi, analipa, kisha analiacha juani likauke lenyewe. Nusu saa baadaye kapo limejaa madoa meupe ya mviringo. Chini ya kila kioo cha pembeni pameshuka mchirizi wa rangi ya tofali. Ukiliangalia kwa upande, mwanga wa jua unakuonyesha mikwaruzo myembamba inayozunguka kama utando wa buibui. Asubuhi lilikuwa gari chafu tu, na uchafu huondoka. Mikwaruzo haiondoki kwa maji.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe kwa miaka mingi, kwa gari na kwa pikipiki, nikidhani kwamba tope ndilo adui na kwamba maji yakishapita kazi imekwisha. Nilichojifunza ni kwamba maji tunayoyaacha juu ya bati yanaharibu kuliko tope tuliloliondoa. Kuosha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukausha na kupaka kinga, na nusu hiyo ndiyo inayoamua kama rangi itadumu miaka mitano au kumi na mitano.

Huenda msomaji akauliza kama kweli mng'ao wa gari ni jambo la kushughulisha watu wa Kasongo na Kabambare, tulio na shida kubwa zaidi. Swali hilo ni la haki. Lakini fikiria kazi inayofanywa na chombo chenyewe. Nyangwe imekuwa mji wa soko tangu zamani: msafiri Livingstone alipofika mwaka 1871 alikuta umati wa watu wakivuka mto kwa mitumbwi kuja kuuza na kununua. Leo mchele, mawese na karanga zinapita kwa pikipiki kwenye njia ambazo hata gari hushindwa wakati wa mvua. Pikipiki moja inalisha nyumba, inalipa karo, inampeleka mama mjamzito hospitali. Rangi ni ngozi ya chombo hicho. Ikichubuka, kutu inaingia, na bati jipya au rangi halisi ya kiwandani haipatikani kwenye duka la jirani. Huagizwa kutoka mbali, kwa gharama na kwa kungojea.

Udongo wetu na maji yetu

Udongo mwekundu wa barabara zetu ni lateriti. Wekundu wake unatokana na oksidi za chuma, yaani chuma kilichokwisha kushika kutu ndani ya ardhi kwa muda mrefu sana. Ndiyo sababu unatia doa nguo nyeupe na hautoki. Ndani yake mna pia chembe za mchanga, ambazo ni ngumu kuliko rangi yoyote ya gari. Ukipangusa vumbi hilo kavu kwa kitambaa kikavu, hata kwa mkono mwepesi, unapitisha msasa juu ya rangi yako.

Na rangi hiyo ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Magari mengi ya kiwandani yana tabaka la msingi, tabaka la rangi, na juu yake vanishi isiyo na rangi. Yote pamoja kwa kawaida ni sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, karibu sawa na karatasi moja ya daftari. Vanishi peke yake haifikii nusu ya unene huo. Magari mengi ya zamani, na baadhi ya magari meupe ya kazi, hayana vanishi kabisa. Ndiyo yale ambayo ukiyasugua, kitambaa kinatoka na weupe wa gari. Chovya chovya humaliza buyu la asali: kila unapopangusa vibaya unaondoa kidogo, na siku moja unakuta bati.

Maji nayo yana mambo yake. Maji ya kisima au ya chemchemi yamepita katika mawe na kuyeyusha madini, hasa kalisi na magnesi. Tone likikauka juani, maji yanapaa na madini yanabaki, yakichora ile duara nyeupe. Maji ya mto yana matope laini yanayoelea. Tone likikauka linaacha utando mwekundu. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa sababu karibu hayana madini. Ukiwa na nyumba ya mabati, acha mvua ioshe paa kwa dakika chache kwanza, kisha kinga bidoni moja au mbili na uziweke kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho. Lakini kama mabati yenyewe yameshika kutu, maji yake yatakuletea doa jingine. Na kama huna ila maji ya mto, yajaze kwenye bidoni jioni, yaache yatulie usiku kucha, asubuhi uyamimine taratibu ukiyapitisha katika kitambaa safi na kuacha mashapo chini.

Kuosha kwa ajili ya kukausha

Michirizi mingi inayoonekana baada ya kukausha ilianza wakati wa kuosha. Nitapita hapa haraka, lakini usiruke.

Osha asubuhi mapema au jioni, kivulini, bati likiwa limepoa. Weka kiganja juu ya kapo: kama linakuchoma, subiri. Mimina maji kwanza bila kugusa kitu, ili mchanga uanguke wenyewe. Tope lililoganda lilowe kwa dakika kadhaa, hasa chini ya madgadi na kwenye kingo za milango, kwa maana udongo huu hushika unyevu kama sifongo na ndiko kutu inakoanzia. Kisha tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ulioutoa usiurudishe. Anza juu, malizia chini. Magurudumu yawe na kitambaa chao.

Sabuni ya unga ya kufulia ni kali. Inaondoa mafuta ya nguo, na vivyo hivyo inaondoa nta uliyoipaka. Sabuni ya kienyeji ya majivu na mawese ina ukali wa namna hiyohiyo. Kama huna shampuu ya gari, tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo sana, na ujue kwamba baada yake lazima upake kinga. Osha sehemu moja, suuza, ndipo uende nyingine. Sabuni iliyokauka juu ya rangi ni chanzo kikubwa cha michirizi.

Gari dogo linatosheka na bidoni nne za lita 20 ukizitumia kwa mpango. Pikipiki inatosheka na moja na nusu.

Kukausha bila michirizi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na inataka utulivu.

Kwanza, yaache maji yajiondoe yenyewe. Chukua jagi la maji safi ya mwisho, lishike karibu sana na bati, umimine polepole kuanzia juu ya paa. Usirushe. Maji yaliyorushwa yanavunjika kuwa matone elfu, na kila tone ni doa linalongoja kukauka. Maji yaliyomiminwa taratibu yanateremka kama shuka moja na kuyavuta matone mengine. Ukifanya hivyo vizuri, utaona sehemu kubwa ya mlango imebaki karibu kavu kabla hujaigusa.

Pili, chagua kitambaa. Kilicho bora ni maikrofaiba nene, yenye nyuzi ndefu za kunyonya, ambayo sasa inafika hata katika maduka ya miji yetu. Kama hakipatikani, fulana kuukuu ya pamba tupu, iliyofuliwa mara nyingi, inafaa sana. Kitambaa kipya cha pamba hakinyonyi vizuri mpaka kifuliwe na kutoa wanga wa kiwandani. Ondoa vifungo, zipu, pindo nene na maandishi ya plastiki. Kitenge kiache mwilini: kimefumwa kwa kubana, kinasukuma maji badala ya kuyanywa. Uwe na vitambaa vitatu. Cha kwanza ni cha kunyonya maji mengi, cha pili, kikavu, ni cha kumalizia, cha tatu ni cha sehemu za chini, kingo za milango na magurudumu. Kitambaa kilichoanguka chini hakirudi kwenye rangi siku hiyo mpaka kifuliwe. Ukishika sheria hii moja tu, umeokoa nusu ya rangi yako.

Tatu, tandaza, usisugue. Lowesha kitambaa cha kwanza, kikamue mpaka kisidondoke, kwa maana pamba yenye unyevu kidogo hunywa maji upesi kuliko iliyokauka kabisa. Kitandaze juu ya kapo kama unavyotandika meza, kipapase kwa viganja, kisha kivute taratibu kwa mstari ulionyooka kuelekea kwako. Kikamue, rudia. Usizungushe mkono, mikwaruzo ya mviringo ndiyo inayoonekana zaidi juani. Fuata mpangilio: paa, kapo, sehemu ya nyuma, milango ya juu, mwisho milango ya chini.

Nne, pitisha kitambaa cha pili mara moja, kwa wepesi, kabla unyevu mwembamba uliobaki haujakauka. Kigeuze upande mara kwa mara. Michirizi inayobaki baada ya hapa mara nyingi inatoka kwenye kitambaa kilichojaa maji au chenye mabaki ya sabuni. Badili kitambaa kabla hujailaumu rangi.

Tano, yatafute maji yaliyojificha. Ule mchirizi wa tofali chini ya kioo cha pembeni hautokani na uvivu wa kupangusa. Unatokana na maji yaliyoingia ndani ya kioo, ndani ya taa, chini ya namba ya gari na katika mpira wa mlango, ambayo yanatoka polepole baada ya wewe kuondoka. Wenzetu wenye barabara za lami huendesha kidogo na kufunga breki ili yamwagike. Kwetu ukiendesha gari bichi unarudi na vumbi lililogeuka tope. Fanya hivi badala yake: fungua na funga kila mlango, kapo na buti mara mbili tatu. Kisha chukua pampu ya baiskeli au ya magurudumu, elekeza mdomo wake kwenye kila mwanya, na upulize. Utashangaa maji yanayotoka. Pangusa kingo za ndani za milango kwa kitambaa cha tatu, na hakikisha matundu madogo yaliyo chini ya milango hayajazibwa na udongo. Matundu hayo yamewekwa ili maji yatoke. Yakiziba, mlango unaoza kwa ndani wakati nje bado unapendeza.

Vioo vipanguse mwisho, kwa kitambaa chao ambacho hakijawahi kugusa nta wala mafuta. Kioo chenye utando wa nta kinapofusha macho usiku unapokutana na taa za mwenzako.

Kama madoa meupe yalikwisha kushika tangu zamani, changanya siki nyeupe na maji kiasi sawasawa, lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa kwa dakika moja hivi kivulini, kisha suuza vizuri na ukaushe. Usifanye hivyo palipobanduka hadi bati, na usiiache siki ikauke. Baada yake paka kinga, kwa sababu siki nayo inaondoa nta.

Pikipiki ina siri zake

Pikipiki ina mianya mingi kuliko gari, na chuma chake kingi kiko wazi. Kabla ya kuosha, ziba tundu la ekzosi kwa mfuko wa plastiki, na usielekeze maji kwenye kabureta, swichi na nyaya. Baada ya kuosha, toa mfuko, iwashe ikae ikinguruma dakika chache. Joto la injini linakausha yale yasiyofikiwa na mkono. Pulizia pampu kwenye spoku, boliti za tangi na chini ya kiti. Mnyororo ukaushe kwa kitambaa kibovu, kisha utie oili palepale, kwa maana mnyororo uliooshwa bila kutiwa oili unaanza kuwa mwekundu kabla ya kesho yake. Bana breki mara kadhaa ukienda polepole ili zikauke.

Wengi wetu tunalaza pikipiki ndani ya nyumba usiku kwa ajili ya usalama. Ni busara. Lakini usiiingize ikiwa bichi katika chumba kisicho na hewa, na usiifunike turubai la plastiki ikiwa na unyevu. Unyevu uliofungiwa unafanya kazi usiku kucha.

Kupaka kinga

Rangi iliyokauka vizuri iko tayari kupokea nta. Nta ndiyo kanzu: mvua, vumbi, utomvu wa mwembe na mavi ya ndege vinaikuta yenyewe kwanza kabla ya kufika kwenye rangi. Nta ya gari iliyo bora ya asili hutokana na majani ya mti wa karnauba unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80. Kopo moja dogo linatosha gari zaidi ya mwaka mmoja.

Paka kivulini, bati likiwa baridi na kavu kabisa. Chukua kidogo, kiasi cha kupitisha kidole, uisambaze mpaka ionekane kama ukungu tu. Wanaopaka nyingi wakidhani wanalinda zaidi ndio wanaopata michirizi. Fanya sehemu moja kwa wakati. Subiri, kisha pitisha kidole: kikiacha njia safi, ipanguse kwa kitambaa kikavu na laini; kikiacha alama ya mafuta, bado. Epuka plastiki nyeusi, maana nta huacha weupe juu yake. Na kamwe usipake kitu cha kuteleza kwenye kiti cha pikipiki, vikanyagio, diski au ngoma za breki, wala uso wa tairi.

Paka angalau mara tatu kwa mwaka, na mara mbili kati ya hizo zisikupite: mwezi wa tano, kabla ya vumbi la kiangazi, na mwezi wa tisa, mvua zinapoanza kushika kasi. Ukitaka kujua kama kinga bado ipo, mimina kikombe cha maji juu ya kapo. Yakijikusanya kuwa matone ya mviringo, ipo. Yakilala bapa na kuenea, imekwisha.

Wengine wataniuliza kuhusu nta ya nyuki, kwa kuwa asali tunayo. Inafaa, lakini si kila mahali. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na kapo jeusi juani linaweza kukaribia joto hilo. Italainika na kukamata vumbi. Itumie mahali palipojificha: ncha za boliti, bawaba za milango, mikunjo ya bati iliyo chini. Usiichanganye na esansi karibu na moto, hata mara moja.

Palipochubuka hadi bati pasingoje. Sugua kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, kausha, paka rangi ya msingi, kisha rangi. Ukikosa vyote, rangi ya kucha itaziba tundu dogo mpaka utakapompata fundi.

Mambo ya kuacha

Kuna desturi ya kupangusa pikipiki kwa mazuti au oili chafu ya injini ili ing'ae. Inang'aa kweli, kwa saa moja. Kisha kila chembe ya vumbi inayopita inanasa humo na kuwa msasa, na mipira inavimba na kulegea. Mawese nayo ni chakula. Juu ya rangi yanaganda na kukusanya uchafu. Mavi ya ndege na utomvu usivikwangue: weka kitambaa chenye maji juu yake kwa dakika tano, kisha kinyanyue navyo.

La mwisho ni mto wenyewe. Lualaba ni kisima cha watu walio chini yetu. Oili na sabuni tunazoziacha majini zinaingia katika ndoo ya mama anayechota mbele kidogo. Nawe mwenyewe unaposimama saa nzima kwenye maji yaliyotulia ya pembezoni, kichocho kinakuvizia miguuni. Chota maji, panda nayo juu, osha mbali na ukingo mahali ambapo udongo utayanywa. Gari litakauka vizuri zaidi huko, kwenye kivuli na mbali na mchanga.

Ndugu yangu, kazi yote hii inakuomba saa moja zaidi, vitambaa vitatu na pampu ya baiskeli. Jumamosi hii, ukimaliza kuosha, usiliache jua likumalizie kazi. Tandaza kitambaa, kikamue, uanzie juu ya paa.